Wifi Yangu na Siku ya Kuonja Waini

Wifi yangu alipiga simu Jumapili moja nikiwa natoka kanisani, akaniambia amepata wazo. Mimi wifi yangu akipata wazo huwa natafuta pa kukaa. Safari hii alitaka kuleta wageni kutoka Dodoma, watu wa ofisini kwake na rafiki zao, gari zima, waje Issuna kuonja waini kwa watengenezaji wadogo. Wangefika asubuhi, wapite nyumba tatu, wale chakula cha mchana, jioni warudi. "Tunaonja tu, hatulewi," akasema, utafikiri mimi ndiye niliyesema tutalewa.

Nikamwuliza nyumba hizo tatu ni zipi. Ya kwanza kwa mzee mmoja anayetengeneza waini ya asali, ya pili kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza waini ya rozela, na ya tatu, akasema, "pale kwetu." Kwetu, yeye ambaye ana miaka kumi na tisa hajalala Issuna zaidi ya siku mbili mfululizo.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, na mume wangu ni marehemu, wakati ule ulikuwa mwaka wa saba. Mizabibu iliyo nyuma ya nyumba aliipanda yeye, sikatai, na aliihangaikia kuliko alivyonihangaikia mimi. Lakini zabibu alikuwa anauza mbichi, kwenye ndoo, pale barabara kuu basi zinaposimama. Hakuwahi kukamua hata kikombe. Waini nilianza mimi, mwaka mmoja baada ya msiba, nilipoona zabibu zinaoza na wateja wa basi wanataka kununua kwa bei ya huruma. Nilikwenda Manyoni kwa mama mmoja anayejua kazi hiyo, nikalala kwenye jamvi lake siku tatu, nikajifunza namna ya kuponda, kutia hamira, kuchuja, na kufunga dumu kwa mpira wa dripu ili hewa itoke na isiingie. Msimu wa kwanza nilimwaga yote. Msimu wa pili nilimwaga nusu. Wa tatu watu wakaanza kuja kuulizia.

Na walivyokuja kuulizia, waliulizia waini ya marehemu. Kijiji kizima kiliita hivyo. Wakwe zangu wakipeleka chupa kwenye harusi wanasema hii ni kazi ya kijana wetu, Mungu amrehemu. Mimi nimesimama hapo hapo na vidole vyangu vya zambarau. Nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu ya ujane: mtu mmoja wa ukoo ule asimame mbele ya watu aseme huyu mwanamke ndiye aliyeitengeneza. Sikutaka zaidi ya hapo, na kwa miaka yote hiyo sikukipata.

Kikao cha kupanga siku hiyo tulikifanya kwa mzee wa asali, kwenye banda lake la mizinga. Tulikuwa watu wanne: mzee, katibu wa akina mama wa rozela, mimi, na wifi yangu aliyekuja na karatasi zilizopigwa chapa, kila mmoja nakala yake. Alimwamkia mzee vizuri, shikamoo babu. Mzee akaitikia marahaba, halafu akamwuliza, "Wewe ni wa nani?" Alikuwa anajua vizuri sana ni wa nani. Nilimpenda mzee yule siku hiyo.

Wifi akatusomea. Kituo cha kwanza dakika arobaini, cha pili dakika arobaini, chakula, cha tatu saa nzima. Kituo cha tatu saa nzima kwa sababu gani, hakusema. Kila kituo kiwe na glasi safi, maji ya kusuuzia mdomo, mkate usio na chumvi, na ndoo ya kutemea.

Mzee akamwomba arudie hapo kwenye ndoo.

"Waonjaji hawamezi, babu. Wanazungusha mdomoni, wanasikia ladha, wanatema."

"Wanatema pombe yangu."

"Ndiyo utaratibu wao."

"Nikiwa nimekaa hapa, nawaangalia."

"Siyo dharau, babu. Duniani kote wanafanya hivyo."

Mzee akasema maneno mawili matatu ya Kinyaturu ambayo sitayaandika. Kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa upole. "Mwanangu, nyuki wangu wanahangaika mwaka mzima. Asiyetaka kumeza abaki kwenye gari." Katibu wa rozela akaziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikuziba wangu. Wifi akachukua kalamu akakata ndoo kwenye vituo vyote vitatu, na mkono wake ulikandamiza karatasi mpaka ikatoboka.

Mzee hakuwa amemaliza. Alitaka iandikwe kwamba kila nyumba aliyepika ataonja kwanza mbele ya wageni, ndipo wageni wapewe. Hilo kwetu halikuwa jambo la kuandika, kila mtu analijua. Ukikaribishwa pombe na aliyeipika asiionje mbele yako, unashukuru, unaweka kikombe chini, unaaga. Huulizi, na yeye haelezi. Aliyepika akikataa kuonja ni afadhali angekutukana, maana tusi mnaweza kupatanishwa. Mzee alisema wageni wa Dodoma hawajui hayo, lakini sisi tunajua, na yeye hatavunja desturi yake kwa ajili ya ratiba.

"Sawa," wifi akasema, "hilo ni zuri hata kwa wageni." Akaandika. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikachungulia. Kituo cha kwanza akaandika mzee ataonja. Cha pili, katibu ataonja. Cha tatu akaandika mwenyeji ataonja, na mbele yake akatia jina lake mwenyewe.

Sikusema kitu. Huo ndio ugonjwa wangu: nikikasirika kidogo napiga kelele, nikikasirika sana nanyamaza, halafu naenda nyumbani kuongea na masufuria. Nilitembea kurudi nikiwa nimeshika nakala yangu, na kila hatua nilijiambia kwamba kumbe hata ulimi wa kuonjea ninanyang'anywa.

Wiki mbili zilizofuata alinipangia maisha kwa simu. Mbuzi wahamishiwe kwa jirani, wananuka. Choo kipakwe chokaa. Pazia la sebuleni litolewe, limepauka na jua. Alinichagulia hata kitenge cha kuvaa, akakituma kwa basi. Lebo za chupa zilikuja na mzigo huo huo: jina la ukoo wao kwa herufi kubwa za dhahabu, na picha ya zabibu za nje, nene, zinazong'aa, ambazo hazijawahi kuota katika mkoa wa Singida. Nilitafuta kwenye lebo ile kama kuna mahali pameandikwa kuhusu mimi. Nilitafuta mpaka kwa nyuma, kwenye gundi.

Mwaka ule nilikuwa na madumu matatu ya lita ishirini, ya zabibu za Machi. La kwanza na la pili yalikuwa mazuri, ingawa waini yake ilikuwa bado na ukungu kidogo kwa sababu nilikuwa sijaichuja mara ya mwisho. La tatu lilikuwa limekufa. Mwezi wa saba nilikwenda Mkalama kumzika mama yangu mdogo, nikakaa siku nane, na niliporudi nilikuta mpira umechomoka kwenye mfuniko na vile vijinzi vidogo vya zabibu vimejaa mdomoni mwa dumu. Ilikuwa imegeuka siki. Nililiacha hapo hapo nikijua nitalitumia kwenye kachumbari, na siki nyingine nitampa mama mmoja wa hoteli. Lakini kwa rangi, dumu lile lilikuwa bibi harusi. Limetulia, jekundu, unaona upande wa pili.

Wifi alifika siku tatu kabla ya wageni. Oktoba kwetu ni upepo na vumbi, na yeye pua yake ya Dodoma ilikuwa imeziba, macho mekundu, kitambaa mkononi. Aliingia chumba cha madumu akaniambia nimtolee glasi moja ya kila dumu. Hakunusa, angenusa na nini. Hakuonja, alisema ana dawa za mafua tumboni. Aliziinua dirishani, akafumba jicho moja, akazungusha mkono kama alivyoona kwenye simu yake.

"Hii," akasema, na ilikuwa ya dumu la tatu. "Hizo mbili zina ukungu, zitatuaibisha. Hii imetulia kabisa."

"Umeridhika nayo?"

"Wifi, mimi nimeshaonja waini sehemu nyingi. Hii ndiyo ya wageni."

Hapo nilikuwa na nafasi. Sentensi moja ilitosha, hata kwa sauti ya kawaida, wifi hiyo imeharibika. Niliiona sentensi ile, niliishika kabisa, halafu nikafikiria jina lake kwenye ratiba na nikaiweka chini. Nilimwona mbele ya watu, na kitambaa chake cha hariri shingoni, anainua glasi ya kazi ambayo si yake na kumeza siki. Niliona uso wake. Nikiri kwamba niliufurahia uso ule siku tatu nzima, nikiosha chupa, nikijaza, nikibandika zabibu zao za dhahabu.

"Sawa, wifi," nikasema.

Siku moja kabla ya wageni aliniletea ratiba mpya, kaandika upya na kupiga chapa mjini. Akasema niisome, kuna mabadiliko. Nikasema nitaisoma. Nikaitumia kuwashia moto wa chai, sijaisoma.

Asubuhi yenyewe alikuwa mpole kuliko kawaida, na upole wake uliniudhi zaidi. Tulikuwa tunatandika vitambaa kwenye meza. "Wifi," akaniambia, "hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Kama nini?"

"Chochote. Kuhusu leo."

"Mwambie dereva asigeuzie gari kwenye mihogo yangu."

Akaendelea kutandika. Baada ya muda akauliza tena, safari hii akiwa amesimama mlangoni na jua nyuma yake, sikuona uso. Nilimjibu kwamba kama kuna kazi aseme, kama hakuna aniache nikaoge.

Wageni walikuwa kumi na wanne. Walishuka kwa mzee wa asali wakiwa na kofia kubwa na viatu vyeupe, na mzee aliwapokea amevaa koti lake la kanisani. Aliinua kibuyu, akajimiminia, akanywa taratibu wakimwangalia, akafuta mdomo kwa kiganja, ndipo akawapa. Hakuna aliyetema. Mama mmoja mnene alitaka kuongezewa kabla hata wenzake hawajapata. Kwa akina mama wa rozela katibu alikunywa mpaka tone la mwisho na kuigeuza glasi chini juu, wageni wakapiga makofi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa dakika, na wifi yangu alikuwa anaangalia saa yake kama mtu wa treni. Mimi nilikuwa natabasamu. Watu walidhani nimefurahia wageni.

Baada ya chakula wote wakaja kwangu, pamoja na mzee na akina mama wa rozela, na majirani waliokuja kwa sababu tu kuna gari. Wifi akasimama mbele ya meza. Akafungua chupa mwenyewe, akamimina glasi moja, akaishika. Rangi yake jua lilipoipiga watu waliguna kwa kupendezwa. Nilisogea mahali pazuri ili nisikose.

"Nyumba hii ni ya kaka yangu," akaanza, na mimi nikajisemea haya, ndiyo hiyo. "Wengi hapa mnaiita hii waini ya marehemu. Hata mimi nimeiita hivyo, na wazazi wangu. Kaka yangu alikuwa mkulima mzuri, lakini waini hakuijua. Alikuwa anauza zabibu kwenye ndoo, barabarani, na zikibaki anawapa nguruwe wa jirani. Aliyejifunza ni wifi yangu, peke yake, akiwa mjane, na sisi hakuna aliyemsaidia hata kubeba dumu. Hii ni kazi yake. Kwa hiyo desturi ni desturi. Wifi, njoo uonje."

Watu wakapiga makofi. Mzee wa asali alisema, "Hayo ndiyo maneno." Ndipo nikaelewa mabadiliko ya ile ratiba niliyoichoma. Sikumbuki nilivyofika mezani. Nakumbuka glasi ilikuwa ya baridi, na kwamba harufu ilinifikia kabla sijaiinua, na nilishangaa wengine hawaisikii.

Nilikuwa na mambo mawili ya kufanya na yote yalikuwa mabaya. Nikikataa kuonja, nimewaambia watu wote wa Issuna kwamba kwenye chupa zangu kuna kitu. Nikisema imeharibika, kila mtu angeuliza ni nani aliyeijaza na kuibandika lebo bila kujua, na mtengenezaji asiyejua siki hajui kazi. Lilikuwepo na la tatu, na ulimi wangu ulishaanza kulisogelea: dumu alilichagua yeye. Lilikuwa kweli kabisa, na nililiona lilivyokuwa dogo.

Nikanywa. Nilikunywa yote, maana nusu wangeona. Ilinichoma kuanzia kwenye ufizi, machozi yakanitoka, na watu wakadhani nalia kwa furaha. Mama mmoja wa rozela naye akaanza kulia kunisindikiza. Mzee wa asali hakulia. Alikuwa anaangalia koo langu.

Glasi za wageni zikaanza kujazwa. Yule mama mnene alikuwa wa kwanza, akatia mdomoni, akasimama hivyo hivyo mashavu yamejaa, akitafuta kwa macho ile ndoo iliyofutwa. Mwanaume mmoja alikohoa kwenye kofia yake. Nilisikia ncha ya lebo iliyobanduka kidogo inapigwapigwa na upepo kwenye chupa.

Wifi akaonja yake. Hakukunja uso hata kidogo. Aliweka glasi mezani na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikamata. "Samahanini sana wageni," akasema. "Kosa ni langu. Wifi yangu aliniambia dumu hili lisiguswe, limeingia hewa, ni la siki ya jikoni. Mimi nikapenda rangi, nikajaza chupa yeye hayupo. Na ameinywa yote ili asiniaibishe. Mmeona mtu huyo?"

Wakageuka wote kuniangalia. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Wifi akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, nikalete kutoka dumu la pili, na mimi nikaenda kama nilivyotumwa, nikachuja kwa kitambaa, nikaleta, nikaonja tena mbele yao, na safari hii waini ilikuwa waini. Walikunywa. Walisifu. Walinipiga picha nikiwa nimeshika jagi, nimevaa kile kitenge. Walinunua ya dumu la kwanza na la pili mpaka nikabaki na chenga, na kila aliyenunua aliniita mama mwenye waini.

Nilimsindikiza wifi mpaka kwenye gari kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Wageni walikuwa wameshapanda. Yeye alisimama mlangoni akikunja kitambaa chake cha hariri mara nne, mara nane.

"Jana jioni ulipokwenda kuchota maji nilifungua chupa moja," akasema. "Nilitaka kujua tu mizabibu ya kaka yangu inatoa kitu gani. Hata na mafua nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe, wifi."

Akapanda. Gari likageuka vizuri, halikugusa mhogo hata mmoja, likaondoka na vumbi lake kuelekea Manyoni.

Sasa Issuna nzima inajua waini ni yangu. Hakuna tena anayesema ya marehemu, hata wakwe zangu wamejirekebisha, na mwanzoni mwa kila msimu kuna mtu ananikumbusha jinsi nilivyomfichia wifi yangu aibu yake. Nikijaribu kunyamaza wanasema ni unyenyekevu. Kitu nilichokitaka kwa miaka minne nilipewa mbele ya watu, na aliyenipa alikuwa ameshaonja nilichomwekea kwenye chupa. Angenitukana ningempenda. Hili siwezi kumsamehe.